Chubwi Kwenye Pindo

Jumapili, 31 Machi 1946

Karatasi hizi nimezichomoa nyuma ya daftari la kumbukumbu za mkutano, zile kurasa ambazo hakuna anayezifikia, nikazishona kwa uzi wa suruali. Kwa hiyo shajara hii imeanza kwa wizi mdogo wa karani. Yatakayofuata ni makubwa kuliko huo.

Naitwa Joab, Mtaita, fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Tayebali, mtaa wa wauza leso. Jumapili mimi ni karani na shemasi wa mkutano wa Kibaptisti, watu ishirini na watatu tunaokutana katika ghala la zamani la kopra, Ganjoni, upande wa kwendea Mbaraki. Kiongozi wetu ni Ndugu Gunga, Mrabai, aliyekuwa sajini. Tulikuwa kikosi kimoja vitani. Imani hii hatukuletewa na Mzungu. Tulifundishwa kambini Ceylon na koplo mmoja Mnyasa, mtu aliyelelewa katika makanisa ya Kibaptisti ya kwao, na tuliporudishwa kutoka Burma mwanzoni mwa mwaka jana Gunga akaja nayo Mombasa pamoja na blanketi lake la jeshi. Kwetu mtoto mchanga habatizwi. Mtu hungoja awe na akili zake, husimama mbele ya wote akaeleza alivyoamini, watu wakapiga kura kwa mikono, ndipo akazamishwa majini mwili mzima. Twasema amezikwa, amefufuka. Watu wa Mji wa Kale wanatuita Wazamao.

Leo tena Gunga amesema, kama asemavyo kila Jumapili: "Mimi na Joab tulizikwa siku moja, mto mmoja." Kila akisema hivyo mimi huinamisha kichwa, na watu hudhani ninaomba.

Sikuzikwa. Naiandika hapa maana sina pengine pa kuiandika. Asubuhi ile kule Ceylon tulipangwa foleni askari kumi na wanne kando ya mto, mimi nikiwa wa mwisho. Naogopa maji. Ya kuoga kwa kopo hayanisumbui, naogopa yale ya kufunika uso. Gunga alizamishwa wa tatu, akaenda zake kubadili nguo. Alipofika wa nane nikashika tumbo, nikakimbilia chooni, nikajifungia humo hadi nyimbo zikaisha. Vyeti Koplo alikuwa amekwisha kuviandika jioni ya kabla yake, vyote kumi na vinne, na Gunga ndiye aliyepewa avigawe. Nami nikanyoosha mkono nikapokea changu. Koplo aliniangalia tu, akasema, "Wiki ijayo, Joab." Wiki iliyofuata tukapelekwa Burma, na Koplo hakurudi. Wenzetu wengine wa siku ile ni Wanyasa, wako kwao.

Cheti ninacho sandukuni. Kimeandikwa vizuri sana.

Jumatano, 3 Aprili

Joto. Nimeshona kanzu mbili na kupunguza suruali ya mtu aliyekonda.

Jumapili, 7 Aprili

Nimefedheheka leo, na kwa jambo la upuuzi.

Yupo mama mmoja Mkamba, Mutanu, yaya wa nyumba ya Wazungu hapo Ganjoni. Alikuja kwetu wiki tatu zilizopita, akasema alikwisha kuzamishwa mtoni kwao, Gunga akamkaribisha kwenye Meza ya Bwana kwa neno lake tu, bila barua. Leo nilikuwa nasoma Waraka kwa Warumi, nasoma kwa madaha kama ilivyo desturi yangu, mara sauti ikatoka benchi la wanawake: "Samahani, karani. Umeruka mstari."

Nilikuwa nimeruka kweli. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Gunga akapiga paja. "Hatimaye tumepata mwenye macho!" Mwaka mzima nimewasomea watu hawa hapana aliyejua kama naruka mstari au naruka ukurasa. Sasa kaja yaya.

Chonga, hamali wa Kilindini, shemasi mwenzangu, akaniuliza wakati wa kutoka kama kweli huyu mama anajua na kuandika. Nikasema sijui.

Jumatatu, 8 Aprili

Kanuni yetu ya nne yasema atokaye kanisa jingine alete barua ya kwao. Gunga aliisahau, mimi ndimi karani. Nimemwandikia mchungaji wa kwao Mutanu kumwuliza kama huyu mama alibatizwa kwa kuzamishwa, lini, na mto gani. Barua ina adabu, haina neno moja la chuki. Nimeipeleka posta mwenyewe.

Ijumaa, 12 Aprili

Maalim Zein, anayesomesha watoto Kurani chuoni Kuze, ameleta kanzu yake itiwe kikwapa kipya. Ni mtu wa mzaha. Akaketi kwenye kiti cha wateja akaniamkia sabalkheri, akauliza habari za nyumbani, za kazi, za afya, zote kwa utaratibu, ndipo akaingia alikotaka.

"Hebu nambie, fundi. Nyinyi Wazamao mwaoga mara moja tu umri mzima?"

"Mara moja, Maalim."

"Sisi mara tano kwa siku twatawadha na bado twaonana wachafu. Hiyo yenu ya mara moja yataka sabuni nzuri."

Tayebali alicheka ndani ya duka hadi akakohoa. Nami nikacheka. Mara moja hiyo sina.

Jumapili, 14 Aprili

Gunga ametangaza ubatizo wa Pasaka, wiki ijayo, pwani ya Mbaraki. Wapo sita waliokwisha kupigiwa kura. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya watu. Tangu Burma haupandi juu ya bega.

"Mtu mzima aliyelowa ni gunia la sukari," akasema. "Siwezi kumwinua. Atabatiza Joab. Si mgeni huyu, mimi naye tulizikwa mto mmoja. Anayeafiki ainue mkono."

Mikono ikapanda yote. Wa Mutanu ulipanda mapema, na uso wake ulikuwa unanichekea kwa wema, kama mtu aliyesahau kabisa habari ya mstari. Nikanyanyuka nikashukuru.

Mtu ambaye hajaingia majini atawatia wenzake majini. Nimeliandika hilo ili nione litakavyoonekana kwenye karatasi. Linaonekana vibaya.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua ya kwanza. Imeanza saa nne ikaendelea hadi jioni, barabara yote ya maduka imekuwa mfereji.

Nguo bado ni za mgao tangu wakati wa vita, lakini Tayebali amenitolea jora la marekani kutoka stoo. Akaniuliza, "Fundi, hii nguo ya sanda au ya harusi?" Nikamwambia vyote viwili, Tajiri. Akatikisa kichwa akanipa.

Kanzu hizi za ubatizo zina ufundi wake. Nguo pana ikiingia baharini huelea, hupanda hadi kifuani, na mwanamke akafedheheka mbele ya watu. Koplo alitufundisha dawa yake: ndani ya pindo la chini hushonewa vijiwe vizito. Mimi natumia chubwi, zile risasi ndogo ambazo wavuvi hufunga kwenye mshipi uzame. Nane kwa kila pindo, kila moja na kijifuko chake, ili nguo ibaki chini na mtu abaki na heshima yake. Kazi hii naipenda. Nimeshona mapindo mawili leo, na kwa muda huo nilisahau ni kazi ya nini.

Jumapili, 21 Aprili. Pasaka

Mvua ya kupofua. Tulikwenda Mbaraki na mavazi yetu mkononi, bahari imechafuka, rangi ya chai ya maziwa, magogo yanapita. Gunga akaahirisha hadi masika yatulie.

Nilimshukuru Mungu kwa mvua. Wale sita walisimama wamelowa, mmoja analia, na mimi moyoni nafurahi kama mwanafunzi ambaye mwalimu wake ni mgonjwa.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua. Paa la ghala linavuja juu ya benchi la nyuma. Chonga anasema ataleta lami.

Jumanne, 30 Aprili

Majibu yamekuja. Mchungaji ameandika kwa mkono mwema: Mutanu wamjua, ni binti wa watu wa heshima, alibatizwa utotoni kwa kunyunyiziwa maji; habari ya kuzamishwa mtoni hawaijui, wala kanisa lao halina desturi hiyo.

Nataka kuandika kwamba nilihuzunika. Ukweli ni kwamba nilisimama kwenye baraza na barua mkononi, mvua inanirukia miguuni, na kitu kikanirukaruka kifuani, nacho kilikuwa furaha. Nilisema kwa sauti, "Kumbe!" Tayebali akauliza kuna nini. Nikamwambia ni habari za mkutano.

Jumapili, 5 Mei

Niandike yote, kwa utaratibu.

Kabla ya Meza nilisimama nikasoma barua. Nilisoma vizuri, sikuruka hata nukta. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Gunga akamgeukia Mutanu, na usoni mwake nikaona anatafuta namna ya kumsaidia.

"Dada, ni kweli haya?"

Mutanu alisimama. Si mrefu, na alikuwa amevaa ile leso yake ya kutokea. "Ni kweli."

"Hukuzamishwa?"

"Sikuzamishwa."

"Ulitwambia ulizamishwa."

"Nilisema hivyo. Nilidanganya."

Alisimama akangoja. Niliona ni ukaidi. Chonga akasimama akapendekeza atengwe na Meza ya Bwana, asiwe na kura mkutanoni, akae benchi la nyuma hadi atubu na azamishwe. Chonga ni mtu wa haki, hana chuki na mtu. Kama ingekuwa mama yake angependekeza vilevile. Gunga akauliza nani anaafiki.

Watu walitazamana. Hawakutaka kuwa wa kwanza. Nami nikainua mkono, mkono mmoja tu katika ghala zima, nikaushikilia juu hadi wengine wakaanza kuinua yao. Nilihesabu kumi na tisa. Gunga aliinua wa mwisho, ule wa kushoto.

Mutanu akachukua kitabu chake cha nyimbo, akapita katikati yetu hadi nyuma, akaketi. Tulipoimba aliimba. Mkate ulipopita ulimruka.

Niliandika kumbukumbu papo hapo kwa mwandiko wangu bora: *Mutanu alikiri uongo. Hakutoa sababu. Ametengwa kwa kura.* Kisha Gunga akaumega mkate akasema alivyozikwa na Joab mto mmoja, na Joab akala.

Jumatatu, 6 Mei

Nimeshona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia. Nimefumua. Tayebali ananiuliza kama nina homa. Ningependa iwe homa.

Jumanne, 7 Mei

Mvua. Nimemwona Mutanu upande wa pili wa barabara, na kikapu cha soko. Nilijifanya natunga uzi kwenye sindano.

Jumapili, 12 Mei

Amekuja. Nilidhani hatakuja tena, na ukweli nilitumaini hivyo.

Chonga hajaleta lami. Tone la paa linaangukia pale pale benchi la nyuma, na Mutanu alijisogeza hadi pembeni, nusu ya mwili nje ya benchi, bega moja linalowa. Nafasi kavu zilikuwepo mbele. Hakuna aliyemwita, maana kura imepigwa. Nami ningeweza kusema neno moja, karani ana ruhusa ya kusema kuhusu mabenchi. Nilikaa nikisikiliza lile tone hadi mwisho wa ibada.

Zamani nilimwona Gunga kama mtu wa kelele, sajini aliyekosa askari wa kuwaamuru. Leo baada ya ibada nilimwona akihamisha lile benchi peke yake kwa mkono mmoja, akilisukuma kwa goti, hadi mahali pakavu. Alinichekea tu akaniambia, "Wiki ijayo hatalowa."

Jumatano, 15 Mei

Maalim Zein amekuja kuchukua kanzu. Akaniangalia.

"Umekonda, fundi. Mato yameingia ndani. Kuna nini?"

Nikasema ni masika. Akaketi hata hivyo, kwa kuwa mvua ilimzuia. Sijui kwa nini nikamwuliza. Nilimwuliza kama swali la mtu mwingine: huko kwenu msikitini, mtu akiwa ndani ya sala kisha akakumbuka hana udhu, hufanyaje?

"Hutoka safu. Huenda akatawadha, akarudi."

"Katikati ya sala? Watu wakimwona?"

"Wamuona, ndiyo. Aona haya dakika moja. Atafanyaje? Asimame na watu ainame na ainuke, naye ajua hana kitu?" Akapangusa miwani yake. "Tena hiyo ndiyo haya kubwa zaidi, ila waiona mwenyewe tu."

"Na kama ni imamu?"

"Imamu ndiye wa kwanza kutoka. Humvuta mtu wa nyuma yake akashika mahali pake, sala ikaendelea. Nimeyaona hayo mara mbili kwa mato yangu. Hakuna aliyemcheka."

Kisha akauliza kikwapa ni bei gani, akalipa, mvua ikapungua akaenda zake. Hakuuliza kwa nini nauliza. Nadhani alijua kuna jambo, akanisitiri.

Jumapili, 19 Mei

Mutanu amesimama mbele ya mkutano akaomba kuzamishwa. Alieleza imani yake kwa maneno machache, bila kulia, bila kumtaja mtu aliyemwandikia barua. Amekubaliwa. Sasa ni saba. Gunga ametaja Jumapili ya tarehe mbili Juni, saa moja asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Nitawazamisha mimi.

Jumatano, 22 Mei

Mvua imepungua, jua limetoka kwa saa mbili nzima.

Mutanu alikuja dukani kupimwa kanzu. Ilibidi aje, fundi wa mkutano ni mimi. Alisimama wima kwenye baraza nami nikapita na futi, bega, kifua, urefu, tukizungumza kwa namba tu. Nilipomaliza aliona bakuli la chubwi karibu na cherehani, akaokota moja akaishika kiganjani.

"Hii ndiyo ya pindo?"

"Ndiyo."

"Itanivuta chini?"

"La. Ni ya kushika nguo tu."

Akaipima uzito kidogo, akairudisha bakulini. Nilitaka kusema neno. Nilikuwa nalo mdomoni. Badala yake nikamwambia kanzu itakuwa tayari Jumamosi.

Jumamosi, 25 Mei

Nimemaliza pindo la Mutanu. Nimeshona chubwi nane, nikafumua, nikashona tena. Nimekitoa cheti sandukuni nikakitia mfuko wa koti.

Jumapili, 26 Mei

Nilipanga kusema baada ya wimbo wa kwanza. Wimbo ukaisha nikakohoa. Baada ya wimbo wa pili nikafunua daftari, nikalifunga. Gunga akasimama mbele ya Meza, mkate chini ya kitambaa, akaanza kama kawaida yake: "Mimi na Joab tulizikwa..."

Nikasimama. "Ndugu Gunga, mimi sikuingia mtoni."

Akauondoa mkono kwenye kitambaa cha mkate.

"Mlipokuwa mnazamishwa nilikuwa chooni. Nilijificha hadi mkamaliza. Cheti hiki kiliandikwa jioni ya kabla yake, nikakipokea hivyo hivyo. Sikubatizwa siku ile wala siku nyingine yoyote. Mama Mutanu nilimwandikia barua kwao si kwa ajili ya kanuni. Aliniaibisha kwa mstari mmoja nikataka kumlipa. Nami ndimi niliyeinua mkono wa kwanza."

Nikakiweka cheti juu ya Meza, kando ya mkate, kisha nikaona si mahali pake nikakiondoa, nikabaki nacho mkononi.

Nilijiandaa kupokea hasira. Gunga ana sauti ya kuamsha kambi. Lakini aliketi juu ya kasha, taratibu, akatazama sakafu.

"Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima nimewaambia watu hawa. Kila Jumapili. Kwa mdomo wangu." Akainua macho akawatazama watu, si mimi, na akawaambia, "Nisameheni."

Hilo sikulitazamia. Mtu mkweli kuliko wote ninaowajua, nilimfanya msema uongo kila wiki, na aliyeomba radhi kwanza ni yeye. Nikatamani ardhi inimeze, na haikunimeza, nikasimama pale pale.

Chonga akanyanyuka. Alikuwa na uchungu, ila alinyoosha maneno: "Tulivyomfanyia huyu mama, tumfanyie na karani. Asiwe karani tena, wala shemasi." Gunga akauliza nani anaafiki. Nikainua mkono.

"Huwezi kujipigia kura, Joab," Gunga akasema. Nikaushusha.

Mikono ikapanda. Sikuhesabu. Wa Gunga ulikuwa wa mwisho. Safari hii aliushika ule mkono mbovu kwa mkono mzima, akaupandisha hadi usawa wa kichwa, uso umekunjamana kwa maumivu, akaushikilia hapo. Mutanu hakuwa na kura.

Ndipo ikajulikana hapana wa kuandika. Watu walitazamana. Gunga akamwita Mutanu kutoka nyuma. Chonga akasema huyu ametengwa. Gunga akasema kuandika si kula mkate. Mutanu akaja, akaketi kwenye kiti changu, akachukua kalamu yangu. Aliandika polepole. Kisha akainua kichwa.

"Nimeandika alidanganya. Na sababu, niandike nini?"

"Sababu ya nini?" Chonga akasema. "Kadanganya."

"Mkutano haujamwuliza." Akanigeukia. "Ndugu Joab, kwa nini hukuingia mtoni?"

Katika yote niliyoyasema hilo nilikuwa nimeliacha. Nilikuwa tayari niitwe mwongo, mwenye kijicho, mnafiki. "Niliogopa maji," nikasema.

Mtu mmoja aliguna kwa kicheko: mimi, mwanamume wa miaka thelathini na minne, askari wa Burma, naogopa maji. Mutanu hakucheka. Aliniangalia muda mrefu, kalamu hewani, hadi tone la wino likaanguka kwenye ukurasa. Kisha akainama akaandika.

Nimekwenda kuketi benchi la nyuma. Ni pakavu sasa.

Alhamisi, 30 Mei

Hakuna mvua. Tayebali amesikia, mji huu hauna siri. Amenitumia chai na mkate wa mofa kutoka ndani, mara mbili.

Gunga atazamisha mwenyewe, Chonga akimsaidia kuinua. Habari ya kunizamisha mimi mkutano haujaamua. Nitangoja, na nisipoitwa nitakaa. Nimepewa kazi ya kushika mashuka ya kujipangusia.

Jumapili, 2 Juni

Bahari imetulia, maji yamejaa hadi kwenye majani. Mkutano mzima ulikuwepo, na watu wa mjini wachache wamekuja kuwatazama Wazamao. Maalim Zein alisimama juu barabarani na mwavuli umefungwa, akanipungia mkono.

Nilisimama pwani na mashuka saba begani. Waliingia mmoja mmoja. Kanzu zangu hazikuelea hata moja, mapindo yalikaa chini kama yalivyoshonwa. Kila aliyetoka nilimfunika, akaenda kuimba na wenzake.

Mutanu alikuwa wa mwisho. Maji yalipomfika magotini alisimama. Gunga akamwambia jambo kwa sauti ya chini, akamnyooshea mkono wa kushoto. Hakumtazama. Alikuwa anayatazama maji, na namna alivyoyatazama nikaijua, maana ni yangu. Watu waliimba ubeti mzima naye amesimama. Kisha akatembea, akapita walipofika wengine, akampa Gunga mkono mmoja na Chonga mwingine, akafumba macho, wakamlaza chini maji yakamfunika uso. Wakamwinua anahema, akimshikilia Chonga kwa kucha.

Alikuja kwangu anatetemeka. Nikamfunika shuka, na kwa kuwa meno yake yaligongana nikaongeza koti langu. Hakwenda kwa wenzake. Alikaa mchangani kando yangu hadi pumzi ikarudi.

"Nilikuwa na mdogo wangu," akasema. "Tulikuwa tunavuka Mto Athi, mvua imenyesha huko juu. Mimi nina miaka tisa, nimemshika mkono. Maji yakaja." Akafungua kiganja akakitazama. "Tangu siku ile hata mtoto wa Wazungu namwogesha kwenye beseni nimegeuza uso. Nilipowasikia nyinyi mnaimba mle ghalani nilitaka kuketi nanyi, nikaambiwa kwanza ni kuzama. Nikasema nimekwisha kuzama."

Nilishindwa kumtazama. "Mbona hukusema siku ile? Ungesema naogopa maji. Mimi ningejua. Katika ghala lile zima, mimi ningejua."

Alijibu bila ukali, anakamua maji kwenye pindo, chubwi zinagongana ndani.

"Nilisimama nikangoja, Ndugu Joab. Hakuna aliyeniuliza."

Kisha akanyanyuka kwenda kwa wenzake, koti langu mabegani.

Ule ukurasa wa tarehe tano Mei naujua kwa moyo. Daftari liko kwake sasa, na akilifungua ataukuta, mistari imenyooka, herufi zimelingana, mwandiko wangu bora kuliko wote: *Hakutoa sababu.*